Nilipovua Viatu Kariokor

Kama ulinisoma wiki jana, unajua niliachia wapi: nimesimama kwenye ngazi za kanisa, nimeshika mkia wa gauni la bibi harusi, na juu ya kitambaa cheupe pana doa la damu lenye ukubwa wa sarafu ya shilingi kumi. Kama gazeti hili limekufikia likiwa limefungiwa mandazi, usijali, sitakuacha nje.

Naitwa Kanyiva. Nilizaliwa nikaitwa Muoki, nikalelewa kama mtoto wa kiume katika nyumba za Maringo. Nilijua mimi ni msichana kabla sijajua kusoma saa. Miaka miwili iliyopita, nikiwa na miaka ishirini na minne, nilichoka kujificha, nikamwambia kaka yangu Mativo.

Mativo alisikiliza mpaka mwisho. Kesho yake aliniletea begi langu mlangoni.

"Mzee amesema usirudi," akaniambia. "Amesema hana mtoto wa namna hiyo."

Mlango wa chumba cha baba ulikuwa umefungwa. Nilidhani yumo ndani, amekaa kitandani, anangoja nimalize kuondoka. Nilichukua begi nikaenda zangu.

Sasa nafanya kazi katika duka la kukodisha magauni ya harusi, kando ya Jogoo Road. Mwenye duka ni Madam Waruguru, mama wa makamo, mpole wa sauti na mkali wa macho. Tangu siku ya kwanza aliniita Kanyiva na hakuuliza zaidi. Kazi yangu ni kuwavalisha mabibi harusi na kuwafuata nyuma siku ya sherehe, niangalie mkia wa gauni usikanyagwe.

Shida yangu ni miguu.

Maduka ya viatu vya kike huku kwetu huishia saizi nane. Mimi navaa kumi. Ukiingia dukani ukasema kumi, wanakuonyesha upande wa wanaume bila hata kukuangalia, na wakishakuangalia hawaachi tena.

Niliwahi kununua viatu vya kiume vya kuchomeka, vyeusi, nikavibandika utepe juu kwa gundi. Utepe ulibanduka katikati ya mtaa wa Uhuru, nikaufuata ukipeperushwa na upepo kama mtu anayefukuza kuku. Niliwahi pia kuagiza kwa mtandao. Vilikuja na karatasi imebandikwa kwenye soli: arobaini na tano, ambayo ndiyo kumi yangu kwa hesabu ya Ulaya. Nilipokwangua karatasi ile kwa kucha, chini yake palikuwa na arobaini na mbili.

Vile vya arobaini na mbili ndivyo nilivyovaa. Nilivivaa mwaka mzima. Nilijifunza kukunja vidole ndani kama mtu anayekunja ngumi, nikatembea hivyo kutoka asubuhi mpaka jioni, nikitabasamu. Kucha mbili ziligeuka nyeusi, moja ikang'oka. Jumamosi ile kidonda kikapasuka, damu ikapita kwenye mshono wa kiatu, na gauni la watu likachafuka.

Basi.

Jumatatu Madam Waruguru aliniita nyuma ya duka. Nilijua nafutwa. Nilikuwa nimeshapanga na maneno ya kumshukuru.

"Vua viatu," akasema.

"Madam?"

"Vua nione."

Nilivua. Aliangalia miguu yangu kwa muda, kisha akaangalia dirishani.

"Hivi viatu si vyako," akasema.

"Ni vyangu, Madam. Nilivinunua."

"Ulivinunua, lakini si vyako." Akaokota kimoja, akanirudishia. "Sikufuti. Lakini Jumamosi tuna harusi nyingine, na ni ya watu wakubwa. Kila msaidizi atavaa viatu vyeusi vya kike, vya kisigino kifupi. Utakuja na viatu vinavyokutosha, ama usije. Siwezi kuosha damu kila wiki."

Alikuwa na haki. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Angenitukana ningekuwa na mahali pa kushika.

Jioni hiyohiyo nilikwenda Gikomba.

Pale kuna mtu wa makamo anaitwa Omolo, anauza viatu vya mitumba vya daraja la kwanza. Ana sifa ya kupata kila kitu.

"Niaje, madam. Unavaa ngapi?"

"Arobaini na tano," nikasema. "Si mimi. Ni ya dadangu."

Nina dada wa uongo. Nimekuwa naye miaka miwili. Ni mrefu, anaishi Kitengela, na hana nafasi ya kuja mjini kujaribu viatu. Nimemtumia madukani mpaka mwenyewe namwonea huruma.

"Arobaini na tano ya kike?" Omolo akakuna kidevu. "Dada anacheza basketiboli?"

"Ni mrefu tu."

Aliinama kwenye lundo. Alichimba mpaka mgongo ukapotea. Alipoinuka alikuwa na kiatu mkononi, cheusi, ngozi laini, kisigino cha inchi moja na nusu, mbele kimenyooka vizuri bila kuchongoka sana. Nikageuza soli. Arobaini na tano, imepigwa mhuri kwenye ngozi yenyewe, si karatasi ya kubandika.

Nilimsahau dada. Nilivua changu palepale, nikaingiza mguu.

Ndugu msomaji, vidole vyangu vililala. Sijui kama unanielewa. Ni kama mtu aliyelala chini ya kitanda miaka yote, leo amelazwa juu.

Omolo alikuwa akiniangalia. "Kumbe dada ni wewe," akasema.

Hakusema kwa ubaya. Lakini alisema kwa sauti yake ya kuuzia, na wauzaji wa pembeni wakageuka.

"Kingine kiko wapi?" nikamwuliza upesi.

Alichimba tena. Alimwaga lundo lote chini. Alikagua chini ya meza, ndani ya gunia, nyuma ya gunia.

"Madam, mitumba ndiyo hivyo," akasema mwishowe. "Hiki kilikuja mjane."

Nilikuwa bado nimesimama na kiatu kimoja nilipomsikia mwanamume mmoja nyuma yangu akisema, "Hebu mwangalieni huyu vizuri." Nikasikia mwingine akicheka. Nilipogeuka, simu mbili zilikuwa zimenielekea usoni.

Nilivua, nikavaa vyangu, nikaondoka bila kukimbia. Ukikimbia Gikomba, watu hudhani umeiba.

Jumanne nilikwenda Kariokor. Kariokor ndiko kunakoshonwa ngozi: mikoba, mishipi, sandali za shanga, akala za matairi. Nilipita vibanda saba. Wote walisema sandali nitapata, hata leo, lakini kiatu cha kufunika cha saizi hiyo, cha kike, hapana. Wa nane ndiye Njogu.

Njogu ni mzee mfupi, ana miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilianza kumweleza habari za dada. Alinikatiza.

"Keti. Leta mguu."

Nilimpa mguu. Aliuweka juu ya kipande cha katoni, akauzungushia penseli polepole, kwanza wa kulia, kisha wa kushoto. Hakusema ni mkubwa. Hakuniuliza mimi ni nani. Alipomaliza alisema, "Kiatu naweza. Shida ni kalibu."

"Kalibu ndiyo nini?"

Akavuta chini ya benchi mguu wa mti, umelainishwa kama yai. "Ngozi huvishwa hapa, ikapigwa misumari, ikakauka, ikashika umbo. Za kike ninazo mpaka saizi nane. Za kumi ninazo za kiume tu. Hizo ni pana mbele na zimejaa kisigino. Nikikushonea juu ya hizo, utapata kiatu cha polisi kimefungwa utepe."

Nilicheka. Sikuwa nimecheka tangu Jumamosi.

"Kuna mzee wa Shauri Moyo, Mkamba, mchonga vinyago," akaendelea. "Mkono wake ni safi. Nikimpelekea katoni hii leo, Alhamisi atakuwa amechonga. Wewe uje Alhamisi saa kumi tupime, Ijumaa nishone, Jumamosi uvae. Nikuandike nani?"

"Kanyiva."

Akaandika juu ya katoni kwa herufi kubwa.

Hapa lazima nikiri. Baba yangu ni Mkamba, ni mchonga vinyago, na kibanda chake kiko Shauri Moyo. Nilijua hilo na bado sikuuliza jina la huyo mzee. Nilijiambia wachongaji Wakamba wa Shauri Moyo ni wengi kama siafu. Nilijiambia baba huchonga twiga na swara, hajawahi kuchonga kalibu. Hayo yote yalikuwa kweli. Lakini kweli zaidi ni kwamba nilitaka viatu, na niliogopa nikiuliza nitavikosa.

Alhamisi saa kumi nilikuwa Kariokor.

Njogu alikuwa amekata ngozi tayari, nyeusi, laini kama ulimi wa ndama. Kalibu zilikuwa hazijafika, ila alitaka kunipima kifundo na urefu wa kisigino. Aliona ninavyotazamatazama watu wanaopita, akafungua pazia la turubai nyuma ya kibanda.

"Ingia huku ndani, ukae bila wasiwasi. Viatu niachie hapa, nione vimekuumizia wapi."

Nyuma ya turubai ni stoo yake. Kuna marobota ya ngozi, ndoo ya gundi, kigoda, na ukuta wa mawe. Mlango mwingine hakuna. Turubai lenyewe ni fupi, linaishia shubiri moja kutoka sakafuni. Niliketi pekupeku, nikavuta sketi magotini, nikaanza kusikia raha ya saruji baridi chini ya vidonda.

Ndipo nikasikia sauti.

"Fundi, uko?"

Mwili wangu ulijua kabla ya kichwa. Nilisimama, nikagonga kigoda, nikakishika kisianguke.

"Mzee Nzivo," Njogu akajibu. "Karibu. Nilidhani utamtuma mtu."

"Kazi hii sikutaka kuituma. Mwanangu Mativo amenileta kwa gari la kazini. Anatafuta mahali pa kuegesha."

Baba hapa. Mativo nje. Viatu vyangu juu ya benchi mbele yao. Nyuma yangu ukuta. Niliangalia juu nione kama paa lina nafasi. Mabati yalikuwa yamepigiliwa vizuri, kazi ya fundi.

"Umekuja wakati mzuri," Njogu akasema, na mimi nikafumba macho kwa sababu nilijua kinachofuata. "Mwenyewe yuko hapa ndani."

Nilingoja pazia lifunguliwe. Halikufunguliwa. Nilisikia gazeti likifunuliwa, kisha mlio wa mti kuwekwa juu ya mbao, mara mbili.

"Hizi hapa," baba akasema. "Lakini nataka kukueleza jambo, fundi. Katoni yako ilinisumbua. Vidole vyake vimepandana. Huyu mtu amevaa viatu vidogo kwa muda mrefu. Kwa hiyo sikuchonga mguu ulio kwenye katoni. Nimechonga mguu unavyotaka kuwa."

Njogu alizigeuza. Nilisikia akipumua. "Mzee, hii ni kazi."

"Sikulala nikiufikiria. Mama yangu alikuwa na mguu huu. Kidole cha pili kirefu kuliko gumba, na unyayo mrefu hivi. Kijijini walimcheka, wakasema ana miguu ya mwanamume. Alitembea bila viatu mpaka kufa, kwa sababu hakuna duka lililokuwa na vyake." Akagonga kalibu kwa kidole. "Naye aliitwa Kanyiva. Nilipoona umeandika jina hilo, nikajiambia, huyu ni mtu wa kwetu."

Nilichukua jina la bibi yangu bila kumwomba mtu. Sikuwa nimemwona hata kwenye picha. Hakuna aliyewahi kuniambia habari za miguu yake.

"Una binti aliyepewa jina lake?" Njogu akauliza.

"Mungu hakunipa binti. Alinipa wavulana wawili. Mmoja ndiye huyu Mativo. Mwingine, Muoki, yuko Qatar."

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Qatar ni mbali," Njogu akasema. "Anapiga simu?"

"Humpigia Mativo. Kwangu hapigi."

"Mlikosana?"

"Hata sikumuaga, fundi. Habari zilikuja usiku, nikaondoka alfajiri kwenda kijijini Wamunyu kumzika shangazi yangu. Nilirudi nikakuta kitanda kitupu, Mativo akaniambia kijana amepata kazi ya haraka. Nimemwambia mara nyingi anipe hiyo namba. Ananijibu, baba, mpe muda, bado ana hasira na wewe. Sijui hasira ya nini. Labda niliwahi kusema neno. Nimempa miaka miwili."

Nilikaa chini, si kwenye kigoda. Kwenye saruji.

Mlango ule uliofungwa. Chumba kilikuwa kitupu. Nilikuwa nimekitukana chumba kitupu, nikakililia, nikakiota ndotoni miaka miwili.

Na Mativo kila mwezi akinitumia ujumbe: usikanyage Maringo, mzee akikuona atakufa kwa presha. Mimi nilimtii. Nitakwambia kwa nini nilimwamini, na hii ndiyo aibu yangu kubwa kuliko doa la damu. Nilimwamini kwa sababu kumwamini kulikuwa rahisi kuliko kubisha mlango. Kama baba ameshanikataa, basi sina haja ya kusimama mbele yake nikangoja akubali au akatae. Mativo alisema uongo. Mimi niliutunza.

Ungekuwa wewe ungetoka. Najua. Nami nilijiambia toka, mwambie baba, niko hapa, sikwenda popote. Lakini baba alikuwa akimngoja Muoki kutoka Qatar. Mimi nikitoka na sketi yangu na hereni zangu, ningemrudishia mtoto na kumnyang'anya kwa dakika hiyohiyo. Mguu mmoja ulitaka kwenda, mwingine ukakataa.

"Fundi," baba akasema, "ningependa kuipima kalibu kwenye mguu wenyewe. Nimechonga kwa kukisia. Kama nimekosea hapa kwenye upinde wa unyayo, nitapunguza kwa patasi sasa hivi."

"Ana haya huyu," Njogu akasema. Akasogea karibu na turubai, akashusha sauti. "Mama, unamsikia mzee?"

Sauti yangu ningeitia wapi? Baba alinisikia nikilia siku niliyozaliwa.

"Koo linamsumbua," Njogu akasema baada ya muda. Sikumwomba aseme hivyo. Nadhani mzee yule alikuwa ameanza kuelewa jambo, sijui lipi.

Nilisikia magoti ya baba yakilia. Alikuwa anapiga magoti. Kupitia nafasi ya shubiri moja nikaona vidole vyake juu ya sakafu, vyenye vumbi la mti, kimoja kimekatika ncha tangu zamani.

"Kama unaitwa Kanyiva, basi kwangu wewe ni mwaitu," akasema.

Mwaitu ni mama. Kwetu, baba humwita hivyo binti aliyepewa jina la mama yake. Nilikuwa nimewasikia kina baba wengine wakiwaita binti zao. Mimi sikuwahi.

"Usitoke kama hutaki," akaendelea. "Uso wako sina haja nao. Toa mguu tu, mwaitu. Mti ukikosea, utaumia wewe."

Nilijaribu kufikiria sababu ya kukataa ambayo haihitaji sauti. Sikuipata. Nilipitisha mguu wa kulia chini ya turubai.

Mikono yake ilikuwa ya moto. Aliupokea kama anavyopokea kipande cha mti asichokijua, kwa viganja vyote viwili kwanza. Kisha akaweka kalibu unyayo kwa unyayo.

"Umekaa," akamwambia Njogu. "Hapa pamekaa. Hapa napunguza unywele mmoja." Akagusa kidole kilichong'oka ukucha, taratibu. "Pole, mwaitu. Pole sana."

Nilikuwa nimeuma kola ya blauzi.

Kidole gumba chake kilipanda juu kuelekea kifundo, kikipima, kikazunguka upande wa ndani. Hapo kikasimama.

Nina kovu hapo, refu kama njiti ya kiberiti. Nilikuwa na miaka saba, nimekaa kibandani kwake miguu imenyooka, akichonga. Tezo, kishoka chake cha kuchongea, liliteleza. Alinibeba mgongoni, akakimbia kutoka Shauri Moyo mpaka hospitali bila kusimama, aproni yake imejaa damu yangu. Miaka yote baadaye, kila asubuhi ya baridi ya Julai aliniuliza, kovu linakuuma?

Kidole gumba kilipita juu ya kovu. Kikarudi. Kikapita tena.

Nilisikia nyundo za mafundi wengine, na mwanamke akiita bei ya mishipi, mbali.

"Hili," baba akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, "hili lilikupata wapi, mwaitu?"

Nilifungua mdomo. Sijui ningesema nini, wala kwa sauti ipi, kwa sababu palepale nikasikia funguo za gari.

"Baba, twende," alikuwa Mativo. "Nimeegesha vibaya, askari wa maegesho watanifungia gurudumu. Mbona uko chini?"

Baba hakuinuka.

"Ni nani huyo huko nyuma?"

"Mteja," Njogu akasema upesi.

Nilisikia hatua za Mativo zikisogea, kisha zikasimama karibu na benchi. Hapo ndipo vilipokuwa viatu vyangu. Mativo anavijua. Januari tulikutana ana kwa ana sokoni Burma, akaviangalia, akatema mate, akasema hata kiatu kinakukataa.

Nilivuta mguu. Mkono wa baba ulibana. Haukuniumiza, lakini haukuachia.

"Baba," Mativo akasema, na sasa sauti ilikuwa imebadilika, "achana na hiyo kazi. Inuka twende nyumbani."

"Mativo."

"Naam, baba."

"Piga simu Qatar."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Nataka kuongea na Muoki."

"Yuko kazini saa hizi, baba. Kule hawaruhusiwi kushika simu."

"Anatoka saa ngapi?"

"Sijui. Usiku."

"Tutangoja," baba akasema.

Nikasikia akikalisha mwili wake sakafuni, polepole, mkono mmoja ukitafuta mahali pa kuegemea. Alinyoosha miguu yake upande ule wa turubai. Akauinua mguu wangu, akauweka juu ya paja lake, akaufunika kwa koti. Akamwomba Njogu amtafutie chai, kama ipo, kwa sababu huenda wakakawia.

Mimi nilikuwa nimelala chali kwenye saruji ya stoo, mguu mmoja huku kwangu, mmoja kule kwa baba, turubai likinigusa goti. Sikujua kama ameushika ili nisikimbie, au ni kwamba yeye mwenyewe alihitaji kitu cha kushika. Sikujua kama amemtambua Muoki, au bado anaogopa kumtambua. Koti lake lilinuka mpingo na tumbaku.

"Baba," Mativo akasema tena, taratibu sana, kama mtu anayeongea na mtu aliye ukingoni mwa paa. "Huyo uliyemshika, unamjua ni nani?"

"Nimesema piga simu," baba akajibu.